Saa Nane za Hewani

Harufu ya miwa iliyochomwa ikinifikia, hata leo nikiwa na matrekta yangu mwenyewe, hunirudisha siku tuliyomzika baba. Shamba la jirani lilikuwa limetiwa moto ili likatwe, na masizi yalianguka uani kama manyoya meusi, yakitua kwenye vitambaa vya akina mama. Kiwanda cha sukari hakingoji matanga.

Enzi hizo miwa ilikuwa na pesa. Ndiyo iliyompeleka kaka yangu Shiundu kusoma London, mimi ikaniacha darasa la tatu. Silii, nasema tu. Kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini mwa baba yake. Basi baba mdogo Wesonga akaenda posta Mumias kumpigia simu, akarudi sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

"Anapanda ndege leo usiku. Amesema ni saa nane."

Kesho yake, saa nane mchana, macho yote yalikuwa barabara ya Ekero. Ikagonga saa tisa. Mawingu yakakusanyika, maana mvua ya kwetu haikosi alasiri.

"Mzungu wenu bado anakunywa chai," mzee mmoja akasema. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga.

Mama akasimama ukingoni mwa kaburi. "Ngojeni mtoto wangu."

"Shemeji, alisema saa nane, mimi si kiziwi," baba mdogo akamjibu. "Mvua itajaza shimo."

Yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Jua likizama Shiundu akaingia, sanduku begani, suti imejaa tope. Akaliona tuta.

"Baba mdogo, hamkuningoja?"

"Si tulikungoja hiyo saa nane yako!"

"Saa nane za hewani! London mpaka Nairobi! Halafu basi la kuja huku, kutwa nzima!"

Aliinama akachota udongo, akabaki ameushika mkononi, hajui autupe wapi.

Aliondoka wiki hiyo. Hakurudi tena, hata mama alipokufa. Watu walisema amemkana baba yake, nami nikakua nikiamini hivyo.

Mwaka jana nilikata tikiti kwa pesa yangu, ili nikamwone huko London. Msichana wa ndegeni akaniambia, "Mama, safari yetu ni ya saa nane." Nikaikumbuka saa nane ya baba mdogo. Ndani ya basi unaweza kumfokea dereva, unaweza hata kushuka ukakimbia. Kule juu umefungwa mkanda, unatazama bawa lisilosogea. Hapo ndipo nilipomwona kaka yangu, kijana, ameketi na msiba wake, hana pa kukimbilia.

Alikuwa akinisubiri uwanjani, mzee wa mkongojo.

"Umekawia, Nekesa."

"Nimefika saa nane," nikamwambia.

Akanishika mkono, kwa mkono ule uliokosa pa kuutupa udongo, na hakuniachia mpaka mlangoni kwake.