Njia Niliyoichora Nikiwa Kitandani

Nikikumbuka siku hiyo masikio yanapata moto kwa aibu, lakini najua mtaisikia kwingine ikiwa imetiwa chumvi, kwa hivyo heri niwaambie mwenyewe.

Sisi ni kikundi cha wapenzi wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa bure, na mara moja kwa mwezi tunaacha kompyuta nyumbani, tunapanda kilima, na mwisho wa njia wenzangu wanafungua bia (mimi ni mtu wa soda, msinifikirie vibaya). Mwezi huo zamu ilikuwa ya Isiolo, na kiongozi wetu, dada Makena, alikuwa anatafuta mtu wa kwenda Sericho, kule kwenye nyika kavu, kuweka visima kwenye ile ramani huria tunayoichangia sote. Kazi ya miezi sita. Niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Basi ili nionekane bingwa, nikalala kitandani kwangu, mtaa wa Kiwanjani, na laptop kifuani, nikatazama picha za setilaiti za vilima vya upande wa Ngaremara, nikaona kamstari keupe kanapanda vizuri hadi kwenye kiduara safi, nikakachora kama njia ya miguu, kiduara nikakiita mahali pa kupumzika, na kwenye maelezo (hapa ndipo nilipojimaliza) nikaandika: "Nimeipita mwenyewe." Kilima chenyewe nilikuwa nakiona nikiwa barabarani tu.

Kwetu aliyeleta njia ndiye anayebeba bia. Jumamosi asubuhi nikatangulia, makopo ishirini na nne mgongoni, nikiwaeleza watu mawe na miti utadhani nilizaliwa hapo. Baada ya saa moja miiba ikaanza kutushika nguo.

"Yusuf, una uhakika?" Makena akauliza.

"Hapa huwa hivi, vumilia kidogo tu," nikamjibu, nikaongeza mwendo asinione uso.

Kiduara kilikuwa boma la mbuzi. Njia pia ilikuwa ya mbuzi, waliyoikanyaga wenyewe kwa kwenda malishoni na kurudi, nasi tulifika mlangoni wakati wanatoka. Kundi zima lilinipitia miguuni, nikaanguka chali, makopo yakapasuka chini yangu, nikabaki kwenye samadi nikinuka kama baa. Mwenye mbuzi akaja na fimbo yake, na jamani, alikuwa Mama Rukia, anayemletea mama yangu maziwa kila wiki.

"Salaam aleikum," akasema. Akanusa. "Wewe si kijana ya Khadija?"

"Aleikum salaam. Ndio mimi, mama."

"Na hii pombe?"

"Ni ya wenzangu. Wallahi mimi nimebeba tu."

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Makena hakucheka. Alikuwa ametoa simu, na kwenye ramani yetu kila mstari una jina la aliyeuchora na maneno aliyoandika, wazi kwa kila mtu (jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisifu miaka yote). Akasoma kwa sauti: "Nimeipita mwenyewe." Kisha akaniuliza polepole, "Uliipita lini?"

Nikaanza kuokota makopo.

"Yusuf, huko Sericho mtu akifuata kisima ya uongo, anapoteza ng'ombe zake zote. Hata yeye anaweza kufa."

Hapo kicheko kiliisha, na mimi nilitamani wale mbuzi warudi wanikanyage tena. Makena akamgeukia Mama Rukia, akamuuliza kama Sericho anaijua.

"Nimezaliwa huko. Hizo visima zote nimechota."

Kazi akapewa yeye, mbuzi akamwachia binti yake. Mimi nilichukuliwa wiki mbili za mwanzo tu, nimshikie simu. Kwenye kisima cha kwanza nilikuwa nishaanza kuandika jina la kisima, Mama Rukia akaniwekea mkono kwenye kioo cha simu.

"Ngoja. Chota kwanza, uonje."

Nikachota, nikaonja, maji yalikuwa ya chumvi tupu, nikaandika hivyo. Tangu hapo sichori njia ambayo miguu yangu haijaikanyaga, na nisipofika mahali naandika tu kwamba sijafika, ingawa mpaka leo inaniuma kuliandika neno hilo mbele ya watu.