Dalia za Mama Yake Madam

Madam alinitukana mbele ya wageni kwa sababu ya maua. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, nyumbani kwake Al Twar, na majani ya dalia zake, maua yanayoota kwenye viazi, yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Mimi nilifanya kazi miaka sita kwenye shamba la maua Kenya kabla ya kuja kufua na kupika Dubai. Nikamwambia, "Madam, tuvichimbue viazi vyake wiki hii, joto likizidi vitaoza."

Akacheka, akawageukia wageni. "Umeletwa hapa kupiga deki. Kwetu dalia huchimbuliwa baridi ikikaribia. Mama yangu alipanda hizi kabla hujazaliwa."

Kwao ni Ulaya, na huko kinachoua dalia ni baridi. Hapa ni joto la kiangazi. Mama yake alikuwa ameshafariki na bustani yake alikovitoa viazi imeuzwa, kwa hiyo hakuna mahali pengine ambapo angepata dalia zile. Nilijua hayo yote. Nikasema, "Ndiyo, madam," nikarudi jikoni na hasira yangu.

Katikati ya Juni, mimea ikiwa imelala chini, ndipo akachimbua. Akavikata viazi vinene kimoja kimoja kama vya kupika, akaviosha, akavipanga kwenye boksi. Mashina akayatupa. Sasa, kiazi cha dalia hakina jicho la kuchipua mwilini. Jicho liko shingoni, pale kinaposhikana na shina. Alikuwa ametupa uhai akahifadhi wanga. Ningeweza kusema. Nilifunga mdomo, na kusema kweli nilifurahi.

Nilipotoa taka nilichukua shina moja lenye viazi viwili vidogo. Nikalianika kivulini bila kuliosha, nikalifukia kwenye ndoo ya maranda makavu chini ya kitanda changu, ambako AC haizimwi.

Oktoba madam akapanda. Alimwagilia kila asubuhi, akiinama kutazama udongo. Novemba akafukua akakuta uji unaonuka. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Shina langu nilikuwa nimempa bibi wa Kizanzibari jirani yetu. "Ahsante, mwanangu," aliniambia, "nitalitunza." Januari likachanua juu ya ukuta, maua mekundu yaliyokolea, makubwa kama sahani.

Madam aliyajua mara moja. Akaenda kuuliza, kisha akaja jikoni nikiwa na deki mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jirani amesema ni wewe," alisema. "Viazi ulivichimbua lini? Uliviweka vipi? Tafadhali, niambie."

Nilikamua deki polepole. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Mei.

"Mimi nimeletwa kupiga deki, madam," nikasema. "Naomba uinue mguu, hapo uliposimama bado hapajapigwa."

Akainua.