Tulibisha Hodi Kwenye Kioo

Mama wa Kabazi alianguka kati ya tuta la tatu na la nne, makasi bado mkononi. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwanza kama mtu aliyechoka, halafu akalala ubavu juu ya maua aliyokuwa ametoka kuyakata, na mate yakaanza kumtoka mdomoni bila kukoma. Nikamwita, "Mama, ni nini?" Akanitazama. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Hapo ndipo nikaisikia ile harufu vizuri, kama kitunguu saumu kilichooza. Shambani kila siku kunanuka dawa ya wadudu, pua zetu zilishachoka zamani. Lakini hii ilikuwa karibu, ilikuwa mpya, ilikuwa kwenye majani na kwenye mikono yangu. Ile nyumba ya plastiki ya kukuzia maua ilikuwa imepigwa dawa asubuhi hiyo hiyo, na sisi wawili tulikuwa ndani yake tukivuna.

Nilimvuta kwa viatu vyake vya mpira. Kimoja kikachomoka, nikabaki nacho mkononi kama mjinga. Nikamshika mguu wenyewe, nikavuta, nami nikiona giza. Nilipomfikisha kwenye nyasi nje nikainua macho mlangoni. Kioo cha ile tableti ya shamba iliyotundikwa pale kilikuwa kinawaka kijani. Kijani hafifu, kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki.

Nakumbuka nikikiuliza kile kioo kwa sauti, kama mwendawazimu: "Si umesema tuingie?"

Mimi nilipona. Yeye alifikisha siku ya tatu hospitalini, akafariki.

Wacha nirudi nyuma, ndio mtu aelewe.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Shule niliiachia darasa la sita, lakini herufi nazijua kama mama anavyojua watoto wake. Butchery, kinyozi, posho mill, hoteli za chai. Kuna miaka ungetoka soko la Nakuru hadi mtaa wa Section 58, ninakoishi, na usimalize barabara moja bila kusoma mkono wangu. Aliyenifundisha alikuwa mlevi wa kupindukia, na akiwa na brashi hakutetemeka. Alinipa mambo mawili tu. La kwanza, bango linasomwa na mtu anayekimbia mvua, halisomwi na mtu aliyekaa kwenye kiti. La pili alinipa kwa kofi. Nilikuwa nimeandika HATARI kwa rangi nyekundu juu ya ukuta wa kijani, na mwenye duka akaja akasema haoni kitu. Macho yake hayakutenganisha nyekundu na kijani, alizaliwa hivyo. Nikapigwa kofi nikaambiwa: rangi ni ya wale wenye macho kamili, lakini neno na umbo ni za kila mtu. Usiwahi kuiachia rangi kazi peke yake.

Halafu mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zikaja mjini, na brashi yangu ikakauka. Nikaenda kukata maua kwenye shamba moja upande wa Longonot. Sitalitaja jina. Wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Meneja alipopata habari kwamba nachora, akanipa vibao vya milango. Kila nyumba ya maua ina mlango, kila mlango una msumari, na kwenye msumari palining'inia kibao cha mbao. Upande mmoja mwekundu, mkono mkubwa uliofunguka, na neno USIINGIE. Upande wa pili kijani, picha ya ua, na neno INGIA. Mpiga dawa akianza kazi anageuza kibao. Saa za kungoja zikiisha, ni yeye tu anayekirudisha. Vibao vyote vile nilivichora mimi, na kwa miaka yote viliyokaa pale hakuna mtu aliyebebwa kutoka ndani.

Na tulikuwa na desturi yetu. Hata kibao kikiwa kijani hukuingia hivi hivi. Uligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ukasema hodi, ukangoja kidogo. Sababu ni kwamba siku moja zamani mpiga dawa alisahauliwa kule mwisho na pampu mgongoni, watu wakamwingilia. Tangu hapo, aliye ndani akisikia hodi anajibu, "Bado!" nawe unarudi. Kuta ni plastiki, ukigonga hailii. Mbao ndiyo hulia. Kwa hivyo tuligonga kibao, hata bila kufikiria, vile mtu anavyovua kofia akiingia kanisani.

Tableti zilipokuja walizitundika kwenye msumari ule ule.

Za kwanza sikuzilaumu. Yule aliyezitengeneza aliiga kibao changu: nyekundu ya kweli, neno USIINGIE kioo kizima, na ili kubadilisha ilibidi mpiga dawa abonyeze namba yake ya siri. Tuligonga kioo kama tulivyogonga mbao, na hakikufanya kitu. Kelele ya kioo ni ndogo, lakini mkono ushazoea.

Halafu akatumwa kijana mwingine kutoka Nairobi, na laptop yake imejaa stika. Wakatukusanya kwenye kibanda cha chai, akatuonyesha sura mpya: pinki hafifu ya kufunga, kijani hafifu cha kufungua, na swichi moja katikati. Nakumbuka kila neno.

"Hii ya zamani ilikuwa na kelele mingi," akasema. "Red kila mahali, maneno makubwa. Sasa tumeifanya clean. Iko na pumzi."

"Kijana," nikamwambia, "kelele ndiyo kazi yake."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kwa adabu.

"Na neno USIINGIE limeenda wapi?"

"Watu hawasomi siku hizi, mzee. Wanaangalia tu."

Mama wa Kabazi akanyoosha shingo. Alikuwa mama wa kunena, mkulima wa mahindi na viazi kwao kijijini Kabazi, hapa alikuja kutafutia watoto shule. "Boss, hiyo nayo ni nyekundu, ama ni shali ya mtoto wa kliniki?" Kibanda kizima kikaanguka kicheko. Hakukoma. "Na hii swichi ya katikati, nitajuaje imewashwa?"

"Ukiona haka kaduara kameenda kulia, mathe, iko on."

"On nini? Dawa ndiyo iko on, ama ruhusa?"

Yule kijana akageuza laptop upande wake. Halafu akasema, "Mtazoea tu."

"Na namba ya siri?" mpiga dawa akauliza.

"Tumetoa. Ilikuwa hatua mingi. Sasa ni kugusa mara moja."

Meneja akatingisha kichwa kama aliyeonja asali. Kijana akanywa chai yetu, akaingia kwenye gari, akaenda. Mlangoni hakufika hata mara moja. Alituonyesha rangi zake kivulini, kwenye laptop, na milango yetu inaangalia jua la saa moja asubuhi. Kwenye jua lile, pinki yake na kijani chake vilikuwa karibu kitu kimoja cheupe, mpaka ukinge jua.

Hapa wacha niseme maoni yangu, maana nami ni fundi wa kazi hiyo, hata kama karatasi sina. Kuna ugonjwa umeingia kwa hawa wachoraji wa vioo. Kila kitu wamekipaka rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Herufi wamezikondesha mpaka zinakaa kama nywele zilizoanguka sahanini. Kitufe hakina ukingo, hujui ni kitufe ama ni doa. Maneno wameyaficha nyuma ya vijistari vitatu, na mahali pa neno wameweka kapicha ambako hata aliyekachora itabidi akueleze. Na wote wanafanana. Fungua ya benki, fungua ya kliniki, fungua ya kununua mbolea, utasema ni mtu mmoja mwenye ndoo moja. Ukiuliza, wanakwambia ndiyo inavyoenda sasa. Inavyoenda wapi? Mimi nikiandika bango la butchery lisisomeke, mwenye butchery anakuja siku hiyo hiyo na apron yake ya damu tuelewane. Hawa, ni nani huwaendea?

Sura mpya iliwashwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano tulikuwa tukifika mlangoni, kioo kimezima, cheusi, tunagonga, kinawaka, wakati mwingine kinaonyesha pinki mahali tulikuwa tumetoka kuvuna jana. Tunamwita supavaiza. Anakuja, anakitazama akikinga jua kwa kofia, anakibonyeza kwa kidole gumba, kinarudi kijani. "Ni mpya, inasumbua," anasema. "Ingieni." Siku mbili tu, akatufundisha kwamba pinki ni usumbufu.

Alhamisi tulifika mimi na Mama wa Kabazi, yeye mbele na ndoo za maji ya maua, kila mkono moja, mimi nyuma na makasi. Kioo cheusi. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, akaniambia, "Fundi, bisha wewe."

Nikabisha. Ko, ko. Kioo kikawaka kijani.

"Hodi!" akaita. Hakuna aliyejibu "Bado". Mpiga dawa alikuwa ameshamaliza, ameshaondoka, na nyuma yake ameacha kioo kikiwa pinki kama alivyofundishwa.

"Leo hata haijasumbua," Mama wa Kabazi akasema, akainama akapita.

Kile kilichotokea kwenye kioo nilikuja kukijua baadaye. Hospitali iliniachilia baada ya wiki kadhaa, mapafu yakilia kama mlango mbovu, na nikaitwa ofisini kusomewa ripoti. Afisa wa wafanyakazi akasoma bila kuinua macho: mfumo ulifanya kazi kama ulivyoundwa. Kioo kiliguswa mara mbili. Mguso wa kwanza ulikiwasha, mguso wa pili ulibadilisha swichi kutoka kufungwa hadi kufunguliwa. Marehemu, akiwa wa kwanza kuingia, ndiye aliyefungua bila idhini, kwa ukaidi.

Nikaangalia mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya meza yake, kifundo cha kidole cha kati. Ko, ko.

"Rudia hapo," nikasema.

Akarudia. Mara mbili. Ko, ko. Tulikuwa tukibisha hodi, na ile kitu ilikuwa inasikia amri, hata siku zile ilipogeuka pinki bila sababu.

"Ni mimi," nikamwambia. "Yeye alikuwa amebeba ndoo. Ni mimi niligonga. Na sikufungua, nilibisha hodi! Sisi wote tunabisha hodi!"

"Mzee, tulia. Wewe umepona, shukuru Mungu. Faili imefungwa."

"Fungueni."

"Kaa na afya yako, mzee."

Nilipokuwa nikitoka nilipita mlango wa nyumba ya pili. Wavunaji wawili walikuwa wamesimama hapo. Mmoja akainua kidole chake, akagonga kioo cheusi mara mbili, bila hata kukitazama. Kikawaka kijani. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akanishika mabega. Walikuwa bado hawajabadilisha kitu! Mtu ameshazikwa, na kioo bado kinapokea hodi kama amri. Vibao vyangu niliviona nyuma ya jiko la chai, vimepasuliwa kuni. Mkono mwekundu ulikuwa umekatwa kwenye vidole.

Mazishi ya kwao Kabazi niliyakosa, nilikuwa kwenye oksijeni. Nilikwenda baadaye. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa chekechea, alinikaribisha chai, akaniletea msalaba wa mbao na kopo la rangi. "Mama alisema wewe ndiye fundi wa herufi. Tuandikie jina vizuri." Nikashika brashi. Mkono ukatetemeka, hautulii tangu ile siku, dawa ilikula mishipa. Herufi ya kwanza ilitambaa kama siafu aliyekanyagwa. Niliifuta na mkono wa shati nikajaribu tena. Ya pili ikawa mbaya zaidi. Binti akaichukua brashi taratibu, akaandika mwenyewe.

Halafu akaniuliza kile alichokuwa amekiweka moyoni siku zote. "Mzee, watu hapa wanasema mama alikuwa mkaidi, alijifungulia mlango. Barua ya shamba inasema hivyo. Ni kweli?"

Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, na mkono wa nani. Alilia kidogo, akanimiminia chai nyingine. Hakunifukuza. Kama angenifukuza ningelala vizuri.

Sasa mnisikie, ninyi wenye shamba. Niliyegonga ni mimi. Toeni jina la yule mama kwenye ripoti yenu, muweke langu, niko tayari kulibeba. Lakini sitalibeba peke yangu. Andikeni supavaiza aliyetufundisha kwamba onyo ni usumbufu. Andikeni meneja aliyepasua vibao vyangu kuni kwa sababu havikuwa clean. Na andikeni yule kijana wa stika, aliyetoa neno kwa kuwa hatusomi, akatoa namba kwa kuwa ni hatua mingi, akaweka swichi ya uhai wa mtu pale pale ambapo kila mtu wa shamba lile anabisha hodi, na hakuja hata dakika tano kututazama tukiingia kazini.

Yeye namtaka zaidi ya wote. Simtaki kortini tu. Namtaka saa moja asubuhi mbele ya ule mlango, jua likipiga kioo. Agonge mara mbili kama sisi. Aone kinavyokuwa kijani. Kisha apande hadi Kabazi, akae kwenye kiti nilichokalia mimi, na ajibu swali alilouliza yule mama kwenye kibanda cha chai, maana bado hajalijibu, na sasa anayeuliza ni binti yake: kaduara kakienda kulia, ni dawa iliyo on ama ni ruhusa, na ni nani aliyekupa wewe ruhusa ya kuamua?