Nilivyomzika Mama kwa Simu

Sikwenda Amerika kutembea. Nilikwenda kumwomba msamaha dada yangu Mapendo, au yaya, kama sisi wa Bukavu tunavyomwita mkubwa wetu. Wanaonijua dukani kwangu, hapa katikati ya mji wa Durban, watashangaa, maana mimi kuomba msamaha sikuzoea.

Kisa chenyewe nakisema kwa aibu. Mama alifariki Ohio, alikokuwa akiishi na yaya tangu walipopelekwa huko kama wakimbizi, miaka kumi iliyopita. Mazishi yakaonyeshwa kwa simu. Huku ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya wateja. Nikaegemeza simu kwenye boksi la chaja, nikainamisha kichwa. Akaingia jamaa anataka kioo cha kubandika juu ya simu yake. Nikajiambia, dakika mbili tu. Nilidhani nimezima kamera, kumbe nimezima sauti peke yake. Mimi, fundi wa simu. Kanisa zima kule likaniona nikipuliza vumbi, nikibandika kioo, nikimwinulia mteja kidole gumba, na jeneza la mama linashuka. Tangu siku ile yaya hakupokea simu yangu hata moja.

Visa niliingoja miezi saba. Asubuhi ya kuondoka, Mama Aline, Mrundi mwenye saluni mlango wa pili, aliniletea vitenge viwili.

"Umupe dada yako kwanza, ndio uongee," akasema. "Na usianze kujitetea. Nakujua."

Kutoka Johannesburg tulikaa angani karibu saa kumi na sita, na njia nzima nilifanya kilekile nilichokatazwa. Nilipanga maneno: kodi ya duka, biashara mbaya, bahari nzima iliyokuwa kati yangu na kaburi. Hiyo ya bahari niliipenda zaidi. Nani angebisha?

Uwanjani Ohio nilipokewa na Neema, binti wa yaya, mwenye miaka kumi na tisa; yeye simu zangu alikuwa bado anazipokea. Gari aliliita kwa simu. Dereva hakusema neno mpaka tunashuka, nami nikamwonea huruma, kisha nikajionea huruma mwenyewe. Mtaa wao ni mzuri, una majani yaliyokatwa sawasawa, lakini nje hapakuwa na mtu. Chakula kiliachwa mlangoni kwa jirani. Aliyekileta alikipiga picha, akaenda zake.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Wako ndani, tonton," Neema akajibu; tonton ndiyo mjomba kwetu. "Tulipofika haikuwa hivi. Walituletea keki, viti, mpaka kitanda. Halafu ukaja uchaguzi, kila mtu akaweka kibao cha mtu wake mbele ya nyumba, majirani wakaacha kusalimiana. Halafu ugonjwa. Kazi, shule, kanisa, vyote vikaingia kwenye simu. Ugonjwa ukaisha, wao hawakutoka."

Jioni yaya akaingia na kikoti chake cha kazi ya ghalani, kile kinachong'aa. Amezeeka. Nikampa vitenge. Akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka kitini. "Umekula?" akauliza.

Jumamosi asubuhi alitandika mkeka sebuleni na kufungua mapazia yote.

"Kaa chini," akaniambia. "Mama hatukumkalia matanga. Kazini walinipa siku tatu, zikaishia kwenye makaratasi."

Tukakaa, sisi watatu. Kwetu nyumba ingejaa watu mpaka uani. Hapa hapakuwa na wa kuambiwa. Maneno yangu yote ya kwenye ndege yalikuwa tayari mdomoni, nikawa nangoja nafasi.

Saa sita kengele ikalia. Alikuwa Miss Carol, bibi wa Kizungu wa nyumba ya pili, na sahani ya viazi vya kuoka mkononi. Alituona dirishani, akaelewa tunamwomboleza mama. Akashuka mkekani kwa shida, akishika goti. Neema akawa anatutafsiria. Alisema yeye na mama walikuwa wakimenya maharage pale ngazini, kila mmoja akiongea lugha yake, na siku ilikuwa inapita vizuri.

"Siku ya mazishi nilikuwa nimeshavaa," akasema. "Gari la kanisa lilisimama hapa nje, na nafasi yangu ilikuwepo. Nikaona inawezekana kutazama kwa simu. Nikatazama, jikoni kwangu." Akanigeukia. "Nilikuona ukiuza. Nikajiambia, yule afadhali, yeye ana bahari."

Bahari yangu ikaniishia palepale. Yule bibi alikuwa umbali wa hatua thelathini tu na gari la kanisa, nami ningekuwa umbali huo ningefanya vilevile. Nilijua hivyo, na iliniuma kujua.

"Yaya," nikasema, "sina la kujitetea. Yule mteja angengoja."

Yaya alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Angengoja," akasema. "Mama kila akikupigia, ulikuwa unamwambia, 'Ngoja kidogo mama, iko mteja.' Alikuwa anangoja. Anakaa pale na simu sikioni, chai inapoa. Nikimwambia akate, anakataa. Anasema utarudi."

Sikuwa najua. Nililia mbele ya Neema na mbele ya Miss Carol, na yaya akanishika bega.

Jumapili akanipeleka makaburini. Ni jiwe dogo, limelazwa sawa na majani, usipoangalia unalikanyaga.

Nimerudi Durban, na nilichojifunza ni kidogo, tena kimechelewa. Yaya ananipigia kila Jumamosi saa kumi na moja, saa ileile ya wateja. Wakiingia nawainulia mkono: "Ngoja kidogo, iko dada yangu." Mwingine anaguna "eish", mwingine anaegemea ukuta. Lakini wanangoja, wote. Mpaka leo hajaondoka hata mmoja.