Aliyezaa Mwili Tu

Tangu Eliud abarikiwe uchungaji, mama yake Elinipa hakuitika tena kwa jina la Mama Eliud. Ukimwita hivyo gengeni kwake anaendelea kupanga ndizi, kama vile umemwita mtu mwingine. Mwite Mama Mchungaji uone: anageuka mwili mzima, meno yote nje, na ndizi ya nyongeza unapata. Kwa kawaida jina hilo ni la mke wa mchungaji, lakini Eliud alikuwa hajaoa, na Elinipa hakuona sababu ya jina zuri vile kukaa bure.

Moshono nzima ilizoea, hata Nasieku, Mama Lengai, jirani yake wa ng'ambo ya ua wa masale, Mwarusha na Mkatoliki wa kufa na kuzikwa.

Alasiri moja Nasieku alikuwa anapukuchua mahindi huku akisali kwa sauti ndogo. Elinipa alivumilia weee, mpaka aliposikia "Mama wa Mungu" kwa mara ya sijui ngapi.

"Mama Lengai, hapo ndipo mnapopotea. Mungu hana mama."

"Yesu si Mungu?"

"Ni Mungu."

"Maria si mama yake?"

"Mama wa mwili! Pua, masikio, damu, vyote kavitoa kwa Maria, sikatai. Baba wa duniani hana, pua angeitoa wapi? Lakini Uungu umetoka juu. Maria alizaa mwili tu."

Nasieku akaacha kupukuchua. Mwanamke huyu akinyamaza, ujue kisu kinanolewa.

"Kwa hiyo mama huzaa mwili tu."

"Mwili tu."

"Na cheo kinatoka juu."

"Juu kabisa."

"Haya. Jioni njema, Mama Eliud."

"Mama nani?"

"Eliud. Si ndiye uliyemzaa? Mchungaji hukumzaa wewe, amezaliwa chuoni Makumira."

Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Elinipa alimpigia mwanawe simu papo hapo, akitaka Neno la kumnyamazisha jirani. Eliud akacheka. "Mama, hata sisi Walutheri tunakiri kuwa Maria ni Mama wa Mungu. Aliyezaliwa ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli. Hagawanyiki."

"Eliud! Nimekupeleka Makumira ukarudi Mkatoliki?" Akakata simu.

Jumapili ikafika, Eliud akahubiri kanisa la nyumbani kwa mara ya kwanza, na baada ya ibada wageni wakajaa uani kwa Elinipa, wazee wa kanisa kutoka Kimandolu wakiwa mstari wa mbele. Nasieku alikuja na sufuria ya loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, maana Eliud alikuwa ameiomba tangu zamani. Mbele viliwekwa viti viwili vyenye vitambaa: kimoja cha mchungaji, kingine cha mzazi. Mzee Sumari, mwendesha sherehe, akamwomba jirani amtambulishe mzazi kabla hajaketi.

Wiki nzima Elinipa alikuwa akiota kuitwa jina lile mbele ya watu hawa.

"Tumsifu Yesu Kristo," Nasieku akaanza, na Walutheri wakajibu kila mtu la kwake. "Huyu anaitwa Mama Eliud. Ni mama wa mwili wa mchungaji."

Watu wakaangua kicheko. "Mwili tu?" akauliza Mzee Sumari.

"Muulizeni mwenyewe, baba. Mafundisho ni yake."

Elinipa akamtazama mwanawe aliyekaa na kola yake nyeupe. Akamwona alivyozaliwa ametanguliza miguu, mvua ikipiga bati, na jinsi yeye alivyokuwa akimwekea kidole puani kila mara asikie kama bado anapumua. Uchungu ukampanda.

"Nilimzaa mzima! Hakuna mwanamke anayezaa nusu mtu! Huyu mwenye kola ndiye yule yule aliyenicheulia maziwa begani. Kola sikuizaa, lakini aliyeivaa ni wangu wote, na uchungaji wake!"

Makofi yakalipuka. Nasieku hakupiga.

"Na Maria?" akauliza.

Makofi yakafa. Elinipa akamgeukia Eliud amwokoe. Eliud akainamia bakuli, akawa anatafuta mfupa kwenye loshoro.

"Maria..." akaanza Elinipa. "Naye hakuzaa nusu."

"Alimzaa nani, basi?"

"Mungu," alisema, kama anang'olewa jino. "Haya, Mama wa Mungu. Nimesema. Ila rozari usiniletee!"

"Sikuletei." Nasieku akamshika mkono taratibu, akampeleka mpaka kwenye kile kiti. "Karibu ukae, Mama Mchungaji."

Elinipa akakaa, akatandaza kitenge chake vizuri, kisha akamvuta jirani yake sikio.

"Rudia kwa nguvu, mwenzangu. Wale wa Kimandolu hawajasikia."