Midomo Wazi ya Darasa la Tatu

Kama kuna mtu anadhani kazi ya mwalimu wa muziki wa shule ya msingi ni kupiga makofi na kuchekacheka, aje hapa nimkalishe chini. Mwanamke ninayemsimulia hapa watoto walimwita Mama Do, kwa sababu kila akiingia darasani aliwapa kwanza ile sauti ya kuanzia, do, kabla hata hajawasalimia. Alikuwa mtu wa kujipenda, mwepesi wa mguu na mwepesi wa ulimi, na sauti yake enzi hizo ilikuwa inaingia ofisini kwa mwalimu mkuu hata dirisha likiwa limefungwa. Nimesema enzi hizo. Tutafika, msinisukume.

Masikio yalimkimbia kidogo kidogo, kama wageni wanaotoka kwenye sherehe bila kuaga. Zikaanza kupotea kengele za baiskeli. Zikafuata filimbi za plastiki wanazopuliza watoto, zile sauti zake za juu. Halafu maneno ya binti yake, hasa binti akiwa amempa mgongo jikoni.

"Mama, twende hospitali," binti alimwambia siku moja.

"We unanong'ona tu. Ongea kama mtu aliyeshiba."

Binti akajifunza kumzunguka mama yake, asimame mbele yake, ndipo aseme. Hawakulitaja tena. Lakini hospitali Mama Do alikwenda, peke yake, kimyakimya. Akaambiwa yaliyoondoka hayarudi. Akajaribishiwa kile kifaa cha kuchomeka sikioni: maneno yakarudi kidogo, lakini kinanda kikawa kama bati linaloburutwa barabarani. Akakivua, akashukuru, akaenda zake.

Mume alishatangulia mbele ya haki. Binti alikuwa na maisha yake. Kilichobaki kwake ni kile chumba cha muziki chenye madawati ya kusukumwa ukutani, na alijua vizuri: siku mwalimu mkuu atakapojua, muziki atapewa mwingine, yeye apelekwe stoo kuhesabu vitabu. Basi akajikaza kisabuni na kutunga ujanja. Na ujanja, nawaambia, alikuwa nao.

Aliwapanga watoto nusu duara ili aone kila uso. "Fungueni midomo!" anawaambia. "Nataka nione mpaka kimeo!" Aliyepanua zaidi ndiye aliyesifiwa. Na mtoto mmoja akitoka nje ya wimbo, jirani yake lazima amkate jicho, ndivyo watoto walivyo. Mama Do akiona tu lile jicho, amesharuka: "Wewe! Umetoroka! Rudi!" Darasa linashangaa, mama huyu ana masikio ya paka. Naye nyimbo zote alikuwa nazo kichwani tangu ujana, hazikupungua hata nukta. Akiona midomo inachezacheza, kumbukumbu inatia sauti. Kuna siku darasa la tatu walimtoa machozi. "Leo mmeniua, wanangu," aliwaambia, akajifuta kwa kiganja.

Ndipo ikatangazwa warsha ya kuwanoa walimu wa muziki. Mwalimu mkuu akamteua Mama Do, na kwa kuwa walitakiwa wawili, akamwongeza mwalimu wa hesabu, ambaye ujuzi wake wote wa muziki ni kwamba aliwahi kuonekana akitikisa kichwa harusini.

Warsha ilikuwa katika ukumbi wa chakula wa shule nyingine, sakafu bado inanuka sabuni. Makaratasi makubwa yamebandikwa ukutani kwa gundi ya utepe, kila mtu amening'iniza jina lake shingoni kama mbuzi wa mnada. Mwezeshaji alikuwa binti mdogo mwenye miwani, aliyevua viatu na kuwaamrisha walimu wazima wachezeshe mabega. Asubuhi ile Mama Do aling'ara. Michezo yote ilikuwa ya kutazama. Walipofika kwenye ishara za mkono, zile za ngumi tumboni kuwa do na kiganja kupanda kwa kila sauti, mwezeshaji alimwita mbele awaonyeshe wengine. Mwalimu wa hesabu akapiga makofi peke yake.

Baada ya chai, mwezeshaji akakaa kwenye kinanda.

"Walimu wangu, fungeni macho. Nitapiga, mnaimba mnachokisikia. Nikiacha, mnaacha. Na marufuku kuchungulia, maana nyie ni wabaya kuliko watoto."

Wakacheka. Mama Do naye akacheka, kwa kuwaona.

Akafumba. Alikuwa ameona vidole vilipoanzia, akautambua wimbo, wimbo wa ngazi, ule wa kupanda na kushuka sauti moja moja, ambao kila mwalimu wa muziki anaujua. Akaimba. Gizani mle wimbo ulikuwa mzima, kinanda chini, sauti za wenzake pembeni, kila kitu mahali pake. Akaupandisha, akaushusha, akaurudia tena mkia wake.

Alipofumbua macho, watu wote walikuwa wanamtazama. Mikono ya mwezeshaji ilikuwa mapajani. Mwalimu mmoja wa nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi. Hakujua ameimba peke yake tangu lini, wala katika sauti gani.

"Tupumzike kidogo," mwezeshaji alisema. Hilo Mama Do alilisoma midomoni.

Mwalimu wa hesabu alimkuta nje kwenye bomba la maji. Hakumwita. Alizunguka, akasimama mbele yake, akanyanyua kidevu ndipo akafungua mdomo, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mama Do akaelewa palepale.

"Umejua lini?"

"Dada mkubwa, darasa langu linapakana na lako. Ule ukuta ni jina tu."

"Kwa hiyo unanisikia ninavyoharibu."

"Huharibu sana." Akainamisha uso, akakumbuka, akauinua tena. "Tatizo ni kwamba nakusikia wewe peke yako."

"Peke yangu vipi? Nina darasa zima mle."

"Darasa la tatu hawaimbi, dada. Wanafungua midomo tu."

Mama Do akacheka. "Acha utani wako wa kijinga."

"Ningekuwa natania ungeniona." Kweli, uso wake haukuwa na utani. "Waligundua kwamba anayepanua mdomo unamsifu. Anayeimba akakosea, mwenzake anamtazama, unamkamata. Basi mmoja akaacha kutoa sauti, na wa pili. Mwisho wote."

"Wananicheka?"

"Wakucheke? Niliwabana mmoja mmoja. Wakanisihi nisikuambie, eti utaumia. Wanakupenda vibaya, dada."

Maji yalikuwa yanamwagika bombani, hakuna aliyeyafunga. Mama Do alikuwa anaikumbuka ile siku aliyolia. Watoto wale walisimama mbele yake kimya kabisa, vinywa wazi, wakimtazama mwalimu wao analia kwa wimbo ambao haukuimbwa.

"Na wewe ukanyamaza," alisema.

"Ningeanzia wapi?" Akasogea karibu. "Sikiliza, yaani, nitazame. Kesho kila mtu anafundisha kipande mbele ya wenzake. Chagua kile cha makofi na ishara. Mimi nakaa mbele, ukipotea nakukonyeza. Shuleni hivyohivyo, nitakuja nisimame mlangoni. Tutawapiga chenga wote mpaka ustaafu."

Jioni ile binti yake alimzunguka, akasimama mbele. "Warsha imeendaje?"

"Binti yangu, mtoto aliyefundishwa kuimba bila sauti, ukimuuliza amejifunza nini, atakujibu nini?"

Binti akamvua mama yake kitambaa cha kichwa, akakikunja.

Kesho yake zamu ya Mama Do ikafika. Mwalimu wa hesabu alikuwa kiti cha mbele, jicho tayari. Mama Do akasimama, akaweka ngumi tumboni kwa ile ishara ya do. Walimu wakavuta pumzi. Halafu akaishusha ngumi.

"Mimi sisikii," alisema. "Nimefundisha nikiwa sisikii. Watoto wangu wameacha kuimba kwa kunionea huruma, nami nikawasifu. Jumatatu nitamwambia mwalimu mkuu." Akamnyooshea mkono mwalimu wa hesabu. "Huyu ana masikio mawili. Hajui ayafanyie nini, lakini yanafanya kazi. Njoo hapa mbele."

Watu wakacheka, wengine huku wanajifuta macho.

"Dada, nitaaibika."

"Aibika. Utazoea."

Akaja, jasho linamtoka, akatoa do. Nyuso nyingine zikakunjamana, nyingine zikavumilia. Wakaanza kuimba. Mama Do alisogea pembeni, mikono imening'inia, akitazama midomo ya watu wazima ikifunguka na kujifumba. Safari hii aliizuia kumbukumbu isitie kitu, akaiacha midomo iende hivyohivyo bila sauti. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mwalimu wa hesabu akawasimamisha, akamzunguka mpaka mbele yake.

"Niambie basi. Ile do yangu ilikuwa sawa?"

"Usiniulize mimi, mdogo wangu," Mama Do alisema. "Waulize wao."