Pedali Niliyomtengenezea Neema

Usiku ule nililala mapema kwa uchovu wa mgongo. Siku tatu mfululizo nilikuwa nimeinama juu ya meza nikimalizia pedali ya gitaa ya Neema, mwimbaji wa bendi, na jioni ile alikuwa ameipitia akaondoka nayo huku akiimba. Nilijifunika mablanketi mawili, kama ilivyo kawaida yetu Iringa kwenye majira ya baridi, nikazima taa. Usingizi ulinichukua kabla sijapata hata mkao mzuri wa kulala.

Halafu ikawa mchana.

Nilijikuta nimesimama nyuma ya bwalo la chuo ambako Neema na bendi yake walikuwa watumbuize kesho yake kwenye mahafali. Viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, havina watu. Jua lilikuwa linaingia madirishani kwa ukali, na bado hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Nilitazama chini. Hata mimi sikuwa na kivuli, wala viatu, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, maji yamesimama kwenye nyufa za saruji. Jukwaani kulikuwa na amplifaya, maiki moja kwenye stendi yake, na chini ya maiki ilikuwapo ile pedali: boksi dogo la bati la kijani, lenye swichi ya kukanyaga kwa mguu na taa nyekundu. Taa ilikuwa inawaka.

Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa mbele yake, amenipa mgongo. Koti lile la kahawia lililochanika kiwiko nililijua kabla hajageuka.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Hakuitikia.

Mzee Luvanda alikuwa fundi redio, na kila ninachokijua kuhusu waya na risasi ya kulehemu nimekipata mikononi mwake. Nilimwendea nikiwa mpiga gitaa wa bendi ya muziki wa dansi, nikitaka anitengenezee amplifaya. Akaniambia nivute kigoda nitengeneze mwenyewe, yeye ataangalia. Nikakaa miaka sita. Pedali za dukani zilikuwa za watu wa mbali wenye pesa, sisi tulitoa transista kwenye redio mbovu, tukazipanga ndani ya makopo na maboksi ya bati, tukajaribu na kubomoa na kujaribu tena mpaka gitaa likakoroma, likalia, likajirudia kama mtu anayeitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza nilipokanyaga moja ya pedali zile jukwaani, watu waliacha kucheza wakatazama juu, wakatafuta sauti ile inatoka wapi. Mzee Luvanda alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Alikuwa mtu wa utani katika kila jambo isipokuwa moja. Pedali ni ya betri. "Umeme wa ukutani haukai chini ya mguu wa mtu," alikuwa akiniambia, na akisema hivyo hacheki.

Kifua kile kile ndicho kilichomwondoa. Tulimzika kabla ya masika, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Hilo nililikumbuka pale pale bwaloni, na bega langu la kulia likaanza kuuma mahali jeneza lilipokuwa limekaa. Nikataka kutoka. Mlango uko nyuma yangu, nausikia upepo wake shingoni, lakini miguu haigeuki.

Mzee Luvanda anageuka. Uso ni wake, haujabadilika, ila midomo imefungwa. Anainuka polepole, anaweka mguu wake juu ya pedali, anakanyaga. Kikohozi kinatoka kwenye amplifaya. Hakitoki kwake. Kinatoka kwenye amplifaya, kinajirudia mara moja, mara mbili, mara tatu, jinsi nilivyoitengeneza pedali ile ijirudie.

Anakanyaga tena. Safari hii inatoka sauti yangu mimi.

"Inatosha hivyo hivyo," inasema amplifaya. "Inatosha hivyo hivyo. Inatosha hivyo hivyo."

Niliziba masikio. Nilipoondoa mikono hapakuwa na bwalo tena. Tulikuwa kwenye kibanda changu cha ufundi, mchana ule ule mweupe, na mezani nilikuwa nimekaa mimi mwenyewe, nimeinama. Nikajiona jinsi nisivyotaka kujiona. Neema alikuwa amelalamika kwamba betri zinamfia katikati ya wimbo, mbele za watu, nami kwa kumpenda kama dada nikamwambia hilo dogo. Nikatia transfoma ndani ya boksi ili achomeke moja kwa moja ukutani. Sasa namwona yule mimi anapitisha waya wa umeme kwenye tundu alilotoboa kwenye bati. Ukingo wa tundu ni mkali kama wembe. Pale hukaa kipira cha kuulinda waya, na kipira kimedondoka chini ya meza. Anainama, anapapasa mara moja, hakioni. Anatazama saa. Anasema maneno yale.

Nikapiga kelele, "Kitafute!" Sauti haikutoka. Mzee Luvanda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, mikono juu ya magoti, anamtazama yule mimi akifunga skrubu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama kaburi likifukiwa.

Meza ikawa kitanda cha hospitali, na aliyelala juu yake amefunikwa shuka mpaka usoni. Nilijua ni Mzee Luvanda. Lakini yeye alikuwa amesimama kando yangu, nasikia pumzi yake. Basi ni nani huyu? Miguu ilikuwa imebaki nje ya shuka. Miguu ya mwanamke, yenye maji maji, kama ya mtu aliyetoka kutembea kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Nani atakanyaga?" akaniuliza. Hapo ndipo midomo yake ilipofunguka kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nalijua jina, na lilikataa kutoka.

Tukarudi bwaloni. Sasa limejaa. Wazazi wamevaa nguo za heshima, wanafunzi wamevaa majoho, watoto wamepakatwa. Neema anapanda jukwaani na gitaa lake. Anavua viatu, anavipanga pembeni, kwa sababu hawezi kuimba akiwa amevaa viatu, nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Anachomeka waya wa gitaa kwenye pedali. Mimi niko nyuma kabisa, na kati yangu na yeye viti vimebanana hata mkono haupiti. Nasukuma, watu hawageuki. Naita, hawasikii. Neema anaweka vidole kwenye nyuzi, anainamia maiki.

Mzee Luvanda alikuwa ubavuni kwangu. Hakunishika. Alisema kwa sauti ya chini, kama zamani alipokuwa akinisahihisha mbele ya wateja na hataki wasikie.

"Ezekia. Mimi sina tena mkono wa kuchomoa waya. Wewe unao."

Midomo ya Neema ikagusa maiki. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni ule mvumo wa umeme, mzito, bila pumzi, na pedali yangu ikaurudia mara moja, ikaurudia mara ya pili.

Sikungoja ya tatu. Niliamka nimekaa kitandani, blanketi liko chini, mdomoni nina ladha kama ya sarafu. Nje palikuwa panapambazuka. Nilipapasa simu, nikakosea jina mara mbili kabla haijaita.

"Kaka Ezekia," Neema akapokea, sauti yake imechangamka. "Umeamka mapema leo. Sisi tuko bwaloni tangu saa kumi na moja, tunafunga vyombo."

"Ile pedali iko wapi?"

"Hii hapa, nimeshaichomeka. Nilikuwa nataka nijaribu ule wimbo wa kufungulia."

"Usiiguse. Weka gitaa chini."

"Kuna nini?"

"Neema, nakuomba. Weka gitaa chini, usiguse boksi, nenda ukachomoe ukutani. Usizime kwa swichi. Chomoa."

Nikasikia gitaa likiwekwa chini, kisha hatua zake. Nikahesabu pumzi zangu.

"Nimechomoa," akasema. Kisha, polepole: "Kaka, jana jioni tulipofanya mazoezi, nikisogelea maiki ilikuwa inanichoma mdomoni. Kidogo tu, kama siafu. Nikadhani ni baridi imenipasua midomo."

Nikamwambia nakuja. Nilivaa nikatoka.

Nilipofika bwaloni alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, hana viatu, na fagio la deki limeegemezwa ukutani nyuma yake. Nilifungua skrubu mbele ya macho yake. Bati lilikuwa limekula ngozi ya waya, shaba inang'aa, imelala juu ya ukingo. Nikamwambia asogee mbali, nikachomeka ukutani, nikagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye boksi. Kitaa cha testa kikawaka: boksi zima lilikuwa na umeme, na kwa waya wa gitaa ulikuwa unafika mpaka kwenye nyuzi. Neema akaweka mkono mdomoni.

"Umejuaje?" akaniuliza.

Nikamsimulia ndoto, yote, mpaka ile miguu kwenye kitanda. Nilipomaliza nikaona macho yake yamelainika, kama mtu anayeanza kushukuru, na hapo nikaona kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimemdanganya.

"Mzee Luvanda hakuniambia kitu kipya," nikasema. "Nilijua tangu nafunga. Kipira kilidondoka, nikaona uvivu kukitafuta, nikafunga hivyo hivyo."

"Mdogo wangu anahitimu leo," akasema. "Mama yangu atakaa pale, safu ya kwanza."

"Najua."

"Hujui." Alisimama, akachukua boksi lile kwa vidole viwili, akaliweka mikononi mwangu. "Nitapiga gitaa kavu leo, bila kitu. Na wewe niambie, ni nani mwingine umemtengenezea ya kuchomeka ukutani?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia njia nzima. "Watu wawili. Mmoja yuko Mafinga, mwingine yuko Makambako, na sikumbuki kama nilizitia vipira."

"Namba zao unazo?"

"Ninazo."

"Sasa umesimama nini?"

Nilikaa pale pale jukwaani nikapiga ya Mafinga. Iliita karibu ikatike ndipo ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya yule bwana nikasikia gitaa likivuma ndani ya chumba, likijirudia mara tatu tatu.

"Ngoja kidogo, fundi, sikusikii," akasema. "Nikanyage nizime hapa."

"Usikanyage!" nikasema, na Neema akageuka kunitazama. "Weka gitaa juu ya kiti, urudi nyuma. Mwambie mtu aliye karibu na ukuta achomoe waya."

Nilimsikia akimwita mkewe. Nikabaki na simu sikioni mpaka kule Mafinga mvumo ulipokatika, kisha nikaanza kutafuta namba ya Makambako.